Kunakili na kuhifadhi sehemu za diski katika kompyuta ya Linux

Utangulizi

Mtafiti wa lugha alizoea kuweka mavuno yake katika vitu vinavyoshikika: kaseti za mahojiano, madaftari ya uwanjani, masanduku ya kadi za msamiati, tasnifu zilizopigwa chapa kwa mashine. Vitu hivyo viliweza kuliwa na mchwa au kunyeshewa na mvua, lakini mara nyingi viliharibika polepole na kwa sehemu. Siku hizi mavuno yaleyale hukaa ndani ya diski moja yenye ukubwa wa kiganja, nayo diski huharibika kwa namna nyingine kabisa. Hufanya kazi asubuhi, ikafika jioni haisomeki hata herufi moja. Kaseti iliyokatika huungwa kwa gundi. Diski iliyokufa haina gundi.

Lengo la makala haya ni kueleza jinsi mtumiaji wa mfumo wa Linux anavyoweza kunakili sehemu nzima ya diski, kuitunza nakala hiyo, na kuirudisha pale diski ya kwanza inapoharibika. Hatumwandikii fundi, bali mwalimu, msaidizi na mwanafunzi ambao kompyuta kwao ni chombo cha kazi, nao wanajua walau kufungua dirisha la amri na kuandika ndani yake. Tumechagua Linux kwa sababu mbili. Kwanza, mfumo huo, ambao kiini chake kilitangazwa na Linus Torvalds, mwanafunzi wa Helsinki, mwezi wa Agosti 1991, hutolewa bure pamoja na zana zote tutakazozitaja. Pili, hukubali kufanya kazi katika kompyuta kuukuu ambazo mifumo mingine imekwisha kuzikataa, na katika vyuo vyetu kompyuta za namna hiyo si chache.

1. Maneno yenyewe

Kwa kuwa jarida hili ni la wanalugha, tuanze na istilahi, maana mchanganyiko wa maneno huleta mchanganyiko wa vitendo. Mjini Lubumbashi neno moja, kopi, hutumika kwa mambo matatu yaliyo tofauti. Mtu akisema "nilishafanya kopi", hatujui bado kama amejikinga au hakujikinga.

Katika makala haya tutatofautisha hivi. Nakala pacha ni diski au sehemu ya diski iliyonakiliwa baiti kwa baiti juu ya diski nyingine, hata hiyo ya pili ikaweza kuchomekwa mahali pa ile ya kwanza na kompyuta ikawaka kama kawaida. Picha ya sehemu ni yaleyale yaliyomo katika sehemu, lakini yamekusanywa ndani ya faili moja inayoweza kuwekwa popote penye nafasi. Akiba ni nakala yoyote inayotunzwa mbali na ile ya asili kwa nia ya kuirudia siku ya msiba. Kwa hiyo nakala pacha inaweza kuwa akiba au isiwe. Ikikaa ndani ya kompyuta ileile, ikala umeme uleule, haistahili jina hilo.

Neno nakala lina asili ya Kiarabu, na katika lugha hiyo mzizi wake una maana ya kuhamisha kitu kutoka mahali hadi mahali. Maana hiyo ya asili inatufaa sana hapa: kitu kimehamishwa, na mahali pa kwanza pamebaki kama palivyokuwa. Wasomaji wa fasihi ya pwani watamkumbuka Muhamadi Kijumwa wa Lamu, aliyefariki mwaka 1945, ambaye aliwanakilia wataalamu kama Alice Werner na Ernst Dammann tenzi nyingi kwa mkono wake. Mengi ya hayo tunayasoma leo kwa sababu nakala moja ilitoka Lamu ikaenda kukaa mbali. Huko mbali ndiko kunakolitenganisha neno akiba na neno nakala.

2. Diski na sehemu zake

Diski moja hugawanywa katika sehemu kadhaa, ambazo wengine huziita patisheni, kama nyumba moja inavyogawanywa vyumba. Chumba kimoja kina mfumo wa uendeshaji, kingine kina faili za mtumiaji, na kidogo cha mbele kina programu ya kuamshia kompyuta. Linux huita kila diski kwa jina linaloanza na /dev. Diski ya kawaida huitwa /dev/sda, ya pili /dev/sdb, na sehemu zake huongezewa namba: /dev/sda1, /dev/sda2. Diski mpya za aina ya NVMe huitwa /dev/nvme0n1, na sehemu zake /dev/nvme0n1p1 na kuendelea.

Mpangilio wa vyumba huandikwa katika jedwali lililo mwanzoni mwa diski. Jedwali la kizamani, MBR, hukaa katika sekta ya kwanza yenye baiti 512. Ndani yake baiti 64 tu ndizo zinazotaja sehemu, nazo hutosha sehemu nne za msingi. Aidha, kwa diski yenye sekta za baiti 512, jedwali hilo haliwezi kuhesabu kupita tebibaiti 2. Jedwali jipya, GPT, kwa kawaida lina nafasi ya sehemu 128, na nakala yake ya pili huwekwa mwishoni mwa diski. Waliolitunga walijua kwamba kitu kilichoandikwa mara moja tu kimekwisha kuwekwa hatarini.

Amri ya kwanza ambayo mtu anapaswa kuizoea haiandiki chochote, huonyesha tu:

lsblk -o NAME,SIZE,FSTYPE,LABEL,MODEL,SERIAL,MOUNTPOINT

Amri hii huorodhesha diski zote, ukubwa wake, aina ya mfumo wa faili, jina la kiwanda na namba ya utambulisho. Tunasisitiza namba hiyo ya kiwanda. Majina sda na sdb hugawiwa kila kompyuta inapowaka, na diski iliyoitwa sdb jana inaweza kuitwa sda leo. Namba iliyobandikwa juu ya diski yenyewe haibadiliki. Mtu mwangalifu huiandika katika karatasi kabla ya kuanza, kisha huilinganisha na ile ya kioo kabla ya kubonyeza kitufe cha mwisho.

Jambo la pili la kutayarisha ni kuhakikisha kwamba sehemu inayonakiliwa haitumiki wakati huo. Sehemu iliyopachikwa na inayoandikwa hubadilika huku inanakiliwa. Mwanzo wa nakala utakuwa wa saa nne kamili na mwisho wake wa saa tano, na faili zilizoguswa katikati zitakuwa nusu hivi, nusu vile. Dawa yake ni kuwasha kompyuta kwa flashi yenye Linux, bila kuigusa diski ya ndani, na kufanya kazi yote kutoka huko.

3. Amri ya dd

Chombo kikongwe kuliko vyote ni dd, ambacho kiliingia katika mfumo wa Unix mwaka 1974. Sarufi yake haifanani na ya amri nyingine, kwa kuwa jina lake na mtindo wake vilichukuliwa kutoka lugha ya kuendeshea mashine kubwa za IBM. Badala ya kutaja kitu na kituo kwa mfuatano, hutaja kwa vitambulishi: if ni mlango wa kuingilia, of ni mlango wa kutokea.

sudo dd if=/dev/sda2 of=/mnt/akiba/sda2.img bs=4M status=progress

Tafsiri yake: soma sehemu ya pili ya diski ya kwanza, uiandike kama faili iitwayo sda2.img ndani ya diski ya akiba, ukichota megabaiti 4 kwa kila mchoto, na utuonyeshe umefika wapi. Ili kupata nakala pacha badala ya picha, mtu ataandika of=/dev/sdb kwa if=/dev/sda, na diski nzima, pamoja na jedwali lake na programu ya kuamshia, itahamia diski ya pili.

Hatari iko katika herufi mbili. Anayebadilisha if na of hataulizwa "una hakika?", wala hataona onyo. Diski tupu itaandikwa juu ya diski iliyojaa, na mtafiti atapata nakala kamilifu ya utupu. Watumiaji wengi huitania amri hii kwa kuiita mharibu-diski. Kwa maoni yetu lawama hiyo si ya haki, maana dd haichagui, hutii tu. Lakini chombo kinachotii bila kuuliza hakipewi mtu aliyechoka. Tusiifanye kazi hii usiku wa manane baada ya siku ya mitihani.

Sifa moja ya dd huwashangaza wengi: haijui faili ni nini. Yenyewe husoma baiti zote, zilizotumika na zisizotumika. Sehemu ya gigabaiti 500 yenye faili za gigabaiti 40 itatoa picha ya gigabaiti 500. Mtu anaweza kuikamua kwa kuipitisha katika programu ya gzip, lakini mabaki ya faili zilizofutwa zamani hayakamuliki vizuri, nayo bado yamo. Hapo pana jambo la maadili pia. Picha iliyotengenezwa kwa dd huchukua hata barua na alama za wanafunzi ambazo mwenye kompyuta alidhani amekwisha kuzifuta. Anayempa mwenzake picha ya diski yake amempa na takataka zake, na katika takataka za ofisi ya chuo mna siri nyingi.

Nakala ikikamilika, ithibitishwe kabla sehemu ya asili haijapachikwa tena:

sudo cmp /dev/sda2 /mnt/akiba/sda2.img

Amri hii hulinganisha baiti kwa baiti. Ikinyamaza, vitu viwili ni sawasawa. Kwa utunzaji wa muda mrefu ni vema kuandika pia alama ya muhtasari kwa amri ya sha256sum na kuiweka pamoja na picha. Baada ya miaka mitatu amri hiyohiyo ikitoa alama ileile, picha haijaoza.

4. Kunakili kilichotumika tu

Kwa kazi za kila siku tunapendekeza zana inayojua mfumo wa faili. Partclone husoma orodha ya vipande vilivyotumika na kunakili hivyo peke yake. Kwa mfumo wa faili wa ext4 huandikwa hivi:

sudo partclone.ext4 -c -s /dev/sda2 -o /mnt/akiba/sda2.pcl

na wakati wa kurudisha:

sudo partclone.ext4 -r -s /mnt/akiba/sda2.pcl -o /dev/sdb2

Herufi c ni ya kunakili, r ni ya kurudisha. Sehemu inayopokea isiwe ndogo kuliko ile ya asili. Ikiwa kubwa zaidi, mfumo wa faili hupanuliwa baadaye kwa amri ya resize2fs. Partclone hainakili jedwali la diski, kwa hiyo jedwali lihifadhiwe peke yake:

sudo sfdisk -d /dev/sda > jedwali-sda.txt

Faili inayopatikana ni fupi na inasomeka kwa macho. Ichapishwe katika karatasi na kubandikwa ndani ya mlango wa kabati. Siku diski mpya inapoletwa, amri ya sudo sfdisk /dev/sdb < jedwali-sda.txt hugawa vyumba upya kwa vipimo vilevile.

Wasiopenda kuandika amri wana Clonezilla, ambayo ni kazi ya wataalamu wa kituo cha kompyuta cha taifa huko Taiwan. Huwekwa katika flashi, kompyuta ikawashwa kwayo, na kila kitu huulizwa kwa orodha ya machaguo. Ndani yake, anayefanya kazi hasa ni Partclone yuleyule. Kwa chumba cha kompyuta chenye mashine kumi zinazofanana, hakuna njia nyepesi zaidi: hutayarishwa mashine moja vizuri, ikapigwa picha, na picha hiyo ikarudishwa katika tisa zilizobaki.

Pacha, hata hivyo, huleta tatizo lake. Kila mfumo wa faili una kitambulisho kirefu kiitwacho UUID, ambacho kinatakiwa kuwa cha pekee, na faili ya /etc/fstab hutumia kitambulisho hicho kujua kipi kipachikwe wapi. Nakala pacha ina kitambulisho kilekile cha asili. Diski zote mbili zikichomekwa katika kompyuta moja, mfumo hauwezi kuzitofautisha. Huenda ukaamka kutoka ile ya zamani huku mtumiaji akidhani yumo katika mpya, na kazi ya wiki nzima ikaandikwa pasipotakiwa. Kwa mfumo wa faili wa btrfs mkanganyiko huo unaweza hata kuharibu data. Kwa hiyo, baada ya kunakili, ama diski moja ichomolewe, ama pacha apewe kitambulisho kipya. Kwa ext4 sehemu hukaguliwa kwanza kwa e2fsck -f, kisha huandikwa sudo tune2fs -U random /dev/sdb2, na mwishowe /etc/fstab ya pacha hurekebishwa ifuate. Aidha, aliyenakili diski nzima yenye jedwali la GPT juu ya diski kubwa zaidi atakuta nakala ya pili ya jedwali imebaki katikati badala ya mwishoni. Amri ya sgdisk -e huipeleka mahali pake.

5. Umeme unaokatika na diski inayokufa

Vitabu vingi vya kompyuta huandikwa mahali ambapo umeme haukatiki, na hili huonekana katika ushauri wake. Tupige hesabu kidogo. Diski inayosomwa kwa kasi ya megabaiti 100 kwa sekunde itatoa gigabaiti 500 katika sekunde 5.000, yaani dakika 83 hivi. Kupitia mlango wa USB 2.0, ambao kwa kawaida hupitisha megabaiti 30 hivi kwa sekunde, kazi hiyohiyo itachukua zaidi ya saa nne na nusu. Ni nani kati yetu anayeweza kuahidi saa nne na nusu za umeme mfululizo? Amri ya dd ikikatwa katikati haikumbuki ilipofikia, na mtumiaji huanza upya.

Kwa sababu hiyo tunapendelea programu ya GNU ddrescue hata kwa diski iliyo nzima, ingawa ilitungwa kwa ajili ya diski zinazoharibika. Hutunza ramani ya kazi katika faili ya pembeni:

sudo ddrescue -n /dev/sda2 /mnt/akiba/sda2.img /mnt/akiba/sda2.map

Umeme ukikatika, mtumiaji huwasha tena, akaandika amri ileile neno kwa neno, na programu husoma ramani na kuendelea karibu na pale ilipoachia. Tuangalie tu kwamba jina la diski halikubadilika baada ya kuwaka upya. Ndiyo sababu nyingine ya ile karatasi yenye namba ya kiwanda.

Kwa diski inayokufa, yaani inayopiga mlio wa kukwaruza au kusimama kwa dakika nzima juu ya faili moja, mwenendo wa ddrescue ni wa hekima. Huchukua kwanza yanayosomeka kwa urahisi, ikiruka penye ugumu, ndipo baadaye irudi penye vidonda. Herufi n katika amri ya hapo juu huizuia isikwangue vidonda hivyo katika mzunguko wa kwanza. Mzunguko wa pili hufanywa kwa kuweka -d -r3 badala ya -n, nayo itajaribu tena mara tatu. Katika hali hiyo tusijaribu kwanza kuitengeneza diski kwa fsck, wala kuifungua ili kutazama kama faili zingalimo. Kila usomaji ni pumzi moja ya mgonjwa. Pumzi hizo zitumike kunakili, na matengenezo yafanywe juu ya nakala.

Diski ya akiba isiachwe imechomekwa. Radi au umeme unaorudi kwa nguvu hauchagui kati ya diski ya asili na nakala yake ikiwa zote mbili zimeshikana na waya mmoja.

6. Nakala isiyojaribiwa

Sasa tunafika mahali ambapo, kwa uamuzi wetu, taasisi nyingi hukosea, hata zile tajiri. Kunakili si kazi ngumu. Shida ni kuamini bila kurudisha.

Mwaka 1998, katika studio ya Pixar huko Marekani, mtu alitoa amri ya kufuta mahali pasipostahili, na filamu ya Toy Story 2 iliyokuwa ikitengenezwa ikaanza kutoweka katika mashine. Walipokimbilia akiba waliona kwamba ilikuwa imeshindwa kwa muda bila mtu kujua. Filamu iliokolewa kwa sababu Galyn Susman, mmoja wa wasimamizi wa kazi hiyo, alikuwa na nakala nyumbani kwake, maana alikuwa akifanyia kazi huko baada ya kujifungua.

Tarehe 31 Januari 2017 kampuni ya GitLab, inayotunza programu za watu wengi duniani, ilipoteza hifadhidata yake ya gigabaiti 300 hivi kwa sababu mfanyakazi alifuta saraka katika mashine isiyo ile aliyoikusudia. Kampuni ilikuwa na njia kadhaa za akiba. Mojawapo ilikuwa imeacha kufanya kazi kwa sababu ya tofauti ya matoleo ya programu, na barua pepe za kuonya hazikuwafikia wahusika. Waliponea kwa nakala iliyochukuliwa saa sita kabla, na kazi ya saa hizo sita ilipotea.

Mfano wa tatu unatuhusu zaidi, kwa kuwa ni wa chuo kikuu. Katikati ya mwezi wa Desemba 2021, Chuo Kikuu cha Kyoto nchini Japani kilipoteza terabaiti 77 hivi za data ya utafiti, faili milioni 34 za vikundi 14. Vikundi vinne miongoni mwao havikuweza kurudishiwa chochote. Aliyefuta alikuwa programu ya akiba yenyewe! Hati ya amri iliyokuwa na jukumu la kusafisha kumbukumbu za zamani ilibadilishwa wakati inaendelea kutekelezwa, na kwa vile programu ya bash husoma hati kidogo kidogo kadiri inavyotekeleza, ilijikuta ikisoma nusu ya zamani na nusu ya mpya, majina ya saraka yakiwa matupu.

Kujaribu picha si kazi kubwa. Picha iliyotengenezwa kwa dd au ddrescue inaweza kupachikwa kama sehemu ya kawaida, kwa kusoma tu:

sudo mount -o loop,ro /mnt/akiba/sda2.img /mnt/tazama

Kisha faili tano au kumi hufunguliwa: mahojiano moja yasikilizwe hadi mwisho, sura moja ya tasnifu isomwe. Picha ya Partclone haipachikwi hivyo. Yenyewe hujaribiwa kwa kurudishwa katika diski nyingine, na kazi hiyo ifanywe walau mara moja kwa mwaka wa masomo, na mtu ambaye hakutengeneza picha. Akishindwa kufuata maelezo yaliyoachwa, maelezo hayo hayafai, hata kama picha ni nzima.

7. Zaidi ya sehemu: faili, mahali na siri

Picha ya sehemu nzima inafaa kwa mfumo wa uendeshaji na kwa diski iliyo hatarini. Kwa tasnifu inayoandikwa kila siku ni mzigo usio wa lazima. Hapo hutumika rsync, iliyotolewa na Andrew Tridgell na Paul Mackerras mwaka 1996, ambayo hulinganisha saraka mbili na kupeleka tofauti tu:

rsync -av /home/kazi/ /mnt/akiba/kazi/

Mkwaju mmoja mwishoni mwa jina la kwanza hubadili maana: ukiwepo, hunakiliwa yaliyomo, ukikosekana, hunakiliwa saraka pamoja na jina lake. Na tujihadhari na chaguo la --delete, ambalo hufuta katika akiba kila kilichofutwa katika asili. Aliyefuta sura kwa bahati mbaya Jumatatu, akaendesha amri hiyo Jumanne, amefuta mara mbili.

Anayehamisha picha kwa flashi akumbuke kwamba mfumo wa faili wa FAT32, uliozoeleka katika flashi, haupokei faili ya gibibaiti 4 au zaidi. Picha hukatwa vipande kwa amri ya split, na huunganishwa tena kwa cat.

Kuhusu idadi, kanuni iliyoenezwa na mpiga picha Mmarekani Peter Krogh inatosha: nakala tatu, katika vyombo vya aina mbili, moja ikiwa nje ya jengo. Nje ya jengo maana yake ni nje kweli. Chumba cha jirani chini ya paa lilelile hakihesabiki. Mwenzetu aliye katika mji mwingine, akipelekewa diski moja na msafiri wa kuaminika mara mbili kwa mwaka, anatenda kazi ambayo intaneti yetu mara nyingi haiwezi kuitenda, maana gigabaiti 500 hazipiti katika mtandao unaolipiwa kwa megabaiti.

Lakini diski inayosafiri huweza kupotea njiani, na ndani yake mna sauti za watu waliotuamini, pengine wamesimulia vita, mirathi au ugonjwa kwa masharti ya kutotajwa. Diski ya namna hiyo ifungwe kwa siri kabla ya kuandikwa chochote. Linux ina mfumo wa LUKS, unaotayarishwa kwa cryptsetup luksFormat juu ya sehemu tupu. Tunasisitiza tupu, kwa kuwa amri hiyo huifunika sehemu na yaliyomo hayapatikani tena. Neno la siri liwe refu, lijulikane na watu wawili, na lisiandikwe juu ya diski yenyewe. Kichwa cha LUKS, chenye funguo zote, kikiharibika, hata mwenye neno la siri haingii. Kwa hiyo kichwa nacho hunakiliwa kwa cryptsetup luksHeaderBackup, na faili inayopatikana hutunzwa katika bahasha tofauti, mahali tofauti na diski.